Nakala ya Akiba: Namna ya Kulinda Mafaili ya Chama Katika Kompyuta ya Linux

Wahenga waliosema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari hawakuwa wameiona kompyuta, lakini usemi wao waihusu kompyuta sawasawa na ulivyolihusu daftari la karatasi. Katika vyama vya msingi vya Wilaya za Serengeti na Tarime, kuanzia pande za Manchira hadi ng'ambo ya Mto Mara, kazi zilizokuwa zikiandikwa kwa kalamu katika leja zinazidi kuhamia katika kompyuta. Humo ndimo inamowekwa orodha ya wanachama na hisa zao, uzito wa mazao yaliyopokelewa ghalani, mikopo ya pembejeo, mihtasari ya mikutano, na barua zinazokwenda kwa chama kikuu, benki na Mrajis. Ni maendeleo ya kupongezwa. Lakini daftari la karatasi likimwagikiwa na chai, ukurasa mmoja huharibika. Diski ya kompyuta ikiharibika, miaka mitano yaweza kutoweka kwa asubuhi moja.

Makala haya yaeleza jinsi chama kinachotumia kompyuta yenye mfumo wa Linux kinavyoweza kutengeneza nakala ya akiba ya mafaili yake, mahali pa kuiweka, na namna ya kuhakikisha kwamba nakala hiyo itafaa siku ya haja. Maelezo haya yamfaa pia mwanachama mmoja mmoja mwenye kompyuta yake nyumbani, kwani njia ni ile ile.

KINACHOPOTEA SI KOMPYUTA

Na uwe mfano chama kimoja cha msingi ambacho msimu wake umekwisha. Mazao yamepimwa, yameuzwa, na fedha za malipo ya pili zimefika benki. Karani anayo kompyuta moja, na ndani yake mna jedwali linaloonyesha kila mkulima: jina lake, kilo alizoleta, mbolea na mbegu alizokopeshwa, malipo ya kwanza aliyopewa, na nambari ya simu au akaunti ya benki atakakopelekewa fedha zake. Usiku wa kuamkia siku ya malipo mvua yanyesha kwa radi, umeme wakatika na kurudi kwa kishindo, na asubuhi kompyuta haiwaki tena.

Kompyuta yaweza kununuliwa nyingine. Fundi wa Mugumu au Musoma aweza hata kuitengeneza hiyo hiyo. Lakini endapo diski yake imekufa, nani atajua kwamba mkulima fulani aliongeza magunia mawili siku ya mwisho? Nani atajua kwamba mwingine amekwisha kulipa nusu ya deni lake la mbolea? Stakabadhi za karatasi zitasaidia kwa wale waliozitunza. Waliozipoteza watabaki na maneno yao tu, na hapo ndipo ugomvi huanza, na imani ya wanachama kwa viongozi wao hupungua. Chama cha ushirika husimama juu ya imani hiyo kuliko kinavyosimama juu ya ghala lake.

Yapo pia mafaili ambayo hayana nakala ya karatasi popote. Katika vijiji vinavyopakana na Hifadhi ya Serengeti, mkulima ambaye shamba lake limeharibiwa na tembo huhitaji ushahidi anapoomba kifuta jasho. Picha za shamba lililokanyagwa, zikiwa zimehifadhiwa katika kompyuta moja tu, zikipotea hazipigwi tena. Mahindi yamekwisha kulimwa upya na alama za nyayo zimekwisha kufutika.

Sababu za kupotea ni nyingi, na radi ni mojawapo tu. Diski huchakaa. Vumbi na joto huifupishia kompyuta maisha. Wezi huvunja ofisi. Moto huunguza. Na sababu iliyo ya kawaida kabisa ni mkono wa binadamu: karani afuta faili asilokusudia kulifuta, au aandika jedwali la mwaka huu juu ya la mwaka jana na kulihifadhi kwa jina lile lile.

LINUX NA MAHALI PANAPOKAA MAFAILI

Linux ni mfumo endeshi, yaani programu mama inayoiongoza kompyuta. Ulianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi katika Chuo Kikuu cha Helsinki nchini Finland, na tangu hapo umeendelezwa na maelfu ya watu ulimwenguni, kila mmoja akichangia sehemu yake na wote wakiutumia bila kulipia leseni. Mwanaushirika hatashindwa kuuelewa mpango wa namna hiyo. Hapa nchini, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilihusika katika kazi ya kuzitafsiri programu huria kwa Kiswahili, na mwaka 2004 ikatolewa programu ya kazi za ofisi iliyoitwa Jambo OpenOffice. Kwa vyama vidogo faida ya Linux ni dhahiri: kompyuta iliyokwisha zeeka, isiyoweza tena kubeba mifumo mizito ya kisasa, aghalabu hufanya kazi vizuri ikiwekewa Linux iliyo nyepesi.

Jambo la kwanza kulifahamu ni kwamba katika Linux mafaili ya mtumiaji hayachanganywi na mafaili ya mfumo. Kila mtumiaji ana folda yake, yaani jalada lake kuu, ndani ya mahali paitwapo /home. Endapo jina la mtumiaji ni katibu, mafaili yake yote yamo katika /home/katibu. Humo mna nyaraka, picha, na vitu vilivyopakuliwa kutoka kwenye intaneti.

Mpangilio huu humrahisishia kazi mlinzi wa kumbukumbu. Hana haja ya kuihangaikia Linux yenyewe, kwa kuwa hiyo hupatikana bure na huweza kuwekwa upya kwa muda mfupi. Anachopaswa kukilinda ni folda moja: ile ya /home/katibu.

Hata hivyo yafaa kukumbuka kwamba ndani ya folda hiyo mna mafaili yaliyofichwa, ambayo majina yake huanza kwa nukta. Mfano ni folda ambamo programu ya barua pepe huweka barua zote zilizopokelewa. Katika programu nyingi za kuonyesha mafaili, mafaili hayo huonekana mtu akibonyeza Ctrl pamoja na H. Anayenakili folda ya Documents peke yake huziacha barua hizo nyuma pasipo kujua. Kwa hiyo ni salama zaidi kuinakili folda nzima ya mtumiaji.

NAKALA YA AKIBA NI NINI, NA SI NINI

Nakala ya akiba ni nakala ya faili iliyowekwa katika chombo kingine, mbali na faili lenyewe, kwa nia ya kulirejesha likipotea. Maneno hayo ni mepesi, lakini wengi hudhani wana akiba kumbe hawana.

Kulinakili jedwali la wanachama na kuliweka katika folda nyingine ya kompyuta ile ile si akiba, maana diski ikifa yote mawili hufa pamoja. Ni sawa na mtu afichaye fedha zake katika mifuko miwili ya koti moja. Koti likiibwa, mfuko wa pili haumsaidii.

Pia Linux Mint huja na programu iitwayo Timeshift, ambayo hutunza picha ya hali ya mfumo ili kompyuta ikiharibika irudishwe ilivyokuwa. Programu hiyo ni njema, lakini kwa kawaida yake hailindi mafaili ya mtumiaji. Iliundwa kwa ajili ya mfumo. Chama kinachoitegemea peke yake kitarudishiwa kompyuta inayowaka vizuri na isiyo na orodha hata ya mwanachama mmoja.

Wala si akiba ya kutosha kuwa na huduma ya intaneti inayolinganisha folda ya kompyuta na folda iliyo mbali. Huduma hiyo hufuata kila badiliko: karani akilifuta faili hapa, nalo hufutwa kule. Baadhi yake hutunza yaliyofutwa kwa siku kadhaa tu.

Vilevile Mfumo wa Usimamizi wa Vyama vya Ushirika, ujulikanao kwa kifupi kama MUVU, unaosimamiwa na Tume ya Maendeleo ya Ushirika, hauondoi wajibu huu. Taarifa zilizokwisha kuingizwa katika mfumo huo zina watunzaji wake. Lakini rasimu za mihtasari, barua, picha, na majedwali ya kazi ya kila siku hubaki katika kompyuta ya chama, na mtunzaji wake ni chama chenyewe.

KANUNI YA TATU, MBILI, MOJA

Wataalamu wa kompyuta wana kanuni moja fupi ambayo ilienezwa katika miaka ya 2000 na Peter Krogh, mpiga picha wa Marekani. Kanuni hiyo yasema: pawe na nakala tatu za kila faili, katika vyombo vya aina mbili, na nakala moja iwe mahali pengine.

Kwa chama cha msingi kanuni hii yaweza kutimizwa bila gharama kubwa. Nakala ya kwanza ni faili lenyewe katika kompyuta ya ofisi. Nakala ya pili imo katika diski ya nje, yaani ile inayochomekwa kwa waya, ikifungiwa kabatini. Nakala ya tatu imo katika diski nyingine iliyo mbali na ofisi: katika ofisi ya chama kikuu, au mahali pengine ambapo bodi imepakubali na kupaandika katika muhtasari wake.

Nakala ya mahali pengine ndiyo inayosahauliwa mara nyingi, nayo ndiyo huokoa. Mwaka 1998 kampuni ya Pixar ya Marekani ilikuwa ikitengeneza filamu ya katuni iitwayo Toy Story 2. Amri moja ya kufuta ilitolewa kwa makosa katika kompyuta zao, na sehemu kubwa ya kazi ya filamu ikafutika. Walipozigeukia nakala zao za akiba, waligundua kwamba hazikuwa zikifanya kazi ipasavyo. Filamu iliokolewa na mfanyakazi mmoja, Galyn Susman, ambaye alikuwa amejifungua na alikuwa akifanyia kazi nyumbani. Katika kompyuta yake ya nyumbani mlikuwamo nakala ya kazi hiyo. Kampuni kubwa yenye mafundi wengi iliokolewa na nakala iliyokuwa nyumba nyingine.

KUANDAA CHOMBO

Flashi ndogo hutumika sana kwa sababu ni ya bei nafuu, lakini si chombo cha kutegemewa kwa miaka. Hupotea mifukoni, huazimwa, na nyingine huharibika ghafla pasipo kutoa dalili. Yafaa kupelekea barua kutoka ofisi hadi ofisi. Kwa akiba ya kudumu, diski ya nje ni bora zaidi. Diski mbili za ukubwa wa kawaida hutosha mafaili ya chama cha msingi kwa muda mrefu, maana barua na majedwali hayachukui nafasi kubwa. Picha ndizo huchukua.

Kabla ya kutumiwa, diski mpya huandaliwa. Diski nyingi za dukani huja zimepangwa kwa mtindo wa Windows. Ule mtindo wa zamani uitwao FAT32 hauwezi kupokea faili moja linalozidi gigabaiti 4, wala hautunzi ruhusa za mafaili kama Linux inavyozitambua. Kwa akiba inayotumiwa na kompyuta za Linux, mtindo ufaao ni Ext4. Programu ya Disks, inayopatikana katika Ubuntu na Linux Mint, huifanya kazi hiyo kwa kubonyeza tu. Mtumiaji huichagua diski ya nje, huagiza ipangwe upya kwa Ext4, huipa jina, kwa mfano NAKALA, na huchagua ifungwe kwa neno la siri.

Tahadhari ni kwamba kuipanga diski upya hufuta kila kilichomo. Jina na ukubwa wa diski visomwe mara mbili kabla ya kubonyeza, ili isijefutwa ile ya ndani ya kompyuta.

KUTENGENEZA NAKALA

Ziko njia mbili: njia ya programu yenye picha na vitufe, na njia ya amri.

Njia ya kwanza yamfaa karani asiyependa kuandika amri. Programu iitwayo Déjà Dup, ambayo katika skrini huonekana kwa jina la Backups, huombwa mambo machache tu: folda ya kunakiliwa, mahali pa kuweka nakala, na kama nakala ijirudie kila siku au kila wiki. Kisha huiendesha kazi yenyewe. Mara ya kwanza hunakili vyote. Mara zinazofuata hunakili yaliyobadilika tu, na hutunza hali za nyuma, hivi kwamba faili laweza kurejeshwa lilivyokuwa wiki iliyopita. Izingatiwe kwamba kwa kawaida yake programu hii huiacha folda ya Downloads. Karani aliyeziacha humo barua alizopokea kwa intaneti hana budi kuzihamishia katika folda ya nyaraka.

Njia ya pili ni ya amri, na wengi wakiizoea huipenda kwa kuwa ni ya wazi. Amri mashuhuri ni rsync, iliyotungwa mwaka 1996 na Andrew Tridgell na Paul Mackerras. Diski ya nje ikiwa imechomekwa na jina lake ni NAKALA, katika Ubuntu na Linux Mint huonekana ndani ya /media. Amri huandikwa hivi:

rsync -av /home/katibu/ /media/katibu/NAKALA/katibu/

Maana yake ni: nakili kila kilichomo katika folda ya katibu, pamoja na tarehe na ruhusa zake, na uonyeshe yanayonakiliwa. Mkwaju ulio mwishoni mwa jina la kwanza una kazi yake: waiagiza amri inakili yaliyomo ndani ya folda. Ukiachwa, folda nzima huwekwa ndani ya folda nyingine, na nakala huwa za kuchanganya. Amri hiyo ikirudiwa kesho, hupeleka yale tu yaliyobadilika, na kazi huisha haraka.

Baadhi ya vitabu hushauri kuongeza neno --delete, ambalo huifanya nakala ifanane kabisa na asili kwa kufuta katika nakala kila kilichofutwa katika kompyuta. Neno hilo litumiwe kwa hadhari kubwa. Jedwali likifutwa kwa makosa siku ya Jumatatu, na nakala ikafanywa kwa neno hilo Jumatatu jioni, jedwali litakuwa limefutwa kotekote.

Kwa sababu hiyo, pamoja na nakala ya kila siku, yafaa kutengeneza kila mwisho wa mwezi furushi moja lenye tarehe, lisiloguswa tena. Kazi hiyo hufanywa na amri ya tar:

tar -czf /media/katibu/NAKALA/chama-2026-01-31.tar.gz -C /home/katibu .

Nukta iliyo mwishoni isisahauliwe, kwani ndiyo inayotaja kwamba kinachofungwa ni folda nzima. Furushi la Januari husimama peke yake, na la Februari husimama peke yake. Hata kosa likigunduliwa baada ya miezi mitatu, hesabu zilivyokuwa kabla ya kosa zitapatikana. Mkaguzi wa hesabu atakapofika, mafurushi haya yatamwonyesha hali ya kumbukumbu mwezi kwa mwezi.

Kazi ikiisha, diski itolewe kwa utaratibu kwa kubonyeza alama ya kuitoa, kisha ichomolewe. Linux huweza kuwa bado inamalizia kuandika hata pale skrini inapoonyesha kwamba imemaliza. Diski ikishachomolewa ifungiwe kabatini. Diski inayoachwa imechomekwa siku zote hupigwa na radi ile ile, huibwa na mwizi yule yule, na programu haribifu zinazofunga mafaili ili mwenyewe atozwe fedha huifunga nayo pia.

RATIBA YA CHAMA

Kazi isiyo na siku yake haifanyiki. Ratiba ifuatayo yaweza kufuatwa na chama cha kawaida.

Kila siku ya kazi katika msimu wa ununuzi, kabla ya kufunga ofisi, karani afanye nakala katika diski ya kabatini. Nje ya msimu, mara moja kwa wiki yatosha. Kipimo chake ni swali hili: je, chama kikipoteza kazi yote iliyofanyika tangu nakala ya mwisho, kitaweza kuiandika upya kutoka katika stakabadhi? Kama jibu ni hapana, nakala imechelewa.

Kila wiki diski mbili zibadilishane zamu. Iliyokuwa kabatini ipelekwe mahali pa mbali, na iliyokuwa mbali irudi ofisini. Chama chaweza kuifanya kazi hiyo siku ambayo mtumishi wake huenda mjini kwa shughuli nyingine, kama vile siku ya benki, ili pasiwe na nauli ya ziada.

Kila mwisho wa mwezi litengenezwe furushi lenye tarehe, na orodha ya wanachama pamoja na muhtasari wa mikopo ichapishwe kwa karatasi, itiwe sahihi na kufungiwa. Karatasi bado ina heshima yake. Haihitaji umeme wala neno la siri ili isomwe.

Palipo na intaneti ya kuaminika, nakala ya mbali yaweza pia kupelekwa kwa mtandao. Upakiaji wa kwanza hula bando kubwa, lakini unaofuata huwa mdogo. Nakala iendayo mtandaoni sharti ifungwe kwa neno la siri kabla ya kuondoka katika kompyuta, na Déjà Dup huweza kufanya hivyo.

SIRI ZA WANACHAMA

Kila nakala ni mlango mwingine wa kuingilia katika habari za watu. Jedwali la chama lina majina, nambari za simu, akaunti na madeni. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 yamtaka kila mwenye kukusanya habari za watu azilinde, na chama cha ushirika nacho kimo. Diski inayosafirishwa bila kufungwa kwa neno la siri, ikiangushwa njiani, huziweka habari za kijiji kizima mikononi mwa mwokotaji.

Lakini neno la siri nalo lina hatari yake. Likisahauliwa, hakuna fundi atakayeifungua diski hiyo. Akiba itakuwa imezikwa. Na karani akihama au akifariki akiwa peke yake analijua, chama kitakuwa kimefungiwa nje ya kumbukumbu zake. Kwa hiyo neno hilo liandikwe katika karatasi, litiwe katika bahasha iliyofungwa na kutiwa sahihi na mwenyekiti na katibu, na bahasha iwekwe katika sanduku la fedha. Isiwekwe pamoja na diski.

NAKALA ISIYOJARIBIWA HAIHESABIWI

Hili ndilo jambo linalosisitizwa kuliko yote. Tarehe 31 Januari 2017 kampuni ya GitLab, ambayo hutunza kazi za watengenezaji programu wengi ulimwenguni, ilipatwa na mkasa uliotangazwa na kampuni yenyewe bila kuficha. Fundi wake, akifanya kazi usiku, alifuta hazina ya taarifa katika kompyuta kuu akidhani yuko katika kompyuta nyingine. Kampuni ilikuwa na njia tano za kutunza taarifa hizo, lakini zilipohitajiwa hakuna hata moja iliyokuwa ikifanya kazi ipasavyo. Nakala zilizotarajiwa kutengenezwa kila siku zilikuwa hazitengenezwi, na barua za kuonya juu ya hitilafu hiyo zilikuwa hazifiki. Waliokolewa na nakala ambayo fundi alikuwa ameifanya kwa mkono saa sita kabla ya hapo, kwa ajili ya kazi nyingine. Yote yaliyoingizwa katika saa hizo sita yalipotea.

Mafundi hao walikuwa na elimu na fedha kuliko chama chochote cha msingi. Walichokikosa ni mazoea ya kujaribu.

Kujaribu si kugumu. Mara moja kila miezi mitatu, karani na mjumbe mmoja wa bodi waketi pamoja. Diski ya akiba ichomekwe, ikiwezekana katika kompyuta nyingine yenye Linux. Mjumbe achague mwenyewe jina la mwanachama mmoja na mwezi mmoja. Karani alifungue furushi la mwezi huo, alitoe jedwali, na aonyeshe kilo na deni la mwanachama yule. Yaliyoonekana yalinganishwe na stakabadhi ya karatasi. Yakilingana, tarehe na majina ya waliojaribu yaandikwe katika daftari. Yasipolingana, au furushi lisipofunguka, chama kimepata bahati ya kuligundua tatizo wakati faili asilia bado lipo.

WAJIBU NI WA NANI

Kosa lililo rahisi kutokea ni kuiona kazi hii kuwa ya mtu wa kompyuta peke yake. Karani huifanya, lakini bodi ndiyo yenye kumbukumbu. Ni bodi ipaswayo kutenga fedha za diski mbili katika makisio ya mwaka, kumteua mtu wa kufanya nakala na mwingine wa kukagua, kupitisha mahali pa mbali pa kuhifadhia, na kuuliza katika kila kikao: nakala ya mwisho ilifanywa lini, iko wapi, na ilijaribiwa na nani? Maswali hayo matatu hayahitaji elimu ya kompyuta, na mwanachama yeyote ana haki ya kuyauliza katika mkutano mkuu.

Gharama za diski mbili na saa chache kwa mwezi ni ndogo zikilinganishwa na msimu mmoja wa ugomvi juu ya kilo zisizojulikana. Wakazi wa Mugumu hunywa maji ya Bwawa la Manchira wakati wa kiangazi kwa sababu bwawa lilijengwa kabla ya kiu. Kumbukumbu za chama nazo huwekewa akiba siku kompyuta ingali inawaka, na kazi hiyo yaweza kuanza jioni ya leo kabla ofisi haijafungwa.